Kigumu Hakikimbii

Mwalimu wa kemia aliniita mwizi kwenye gwaride la Jumatatu, mbele ya shule nzima, bendera ikiwa bado haijafika juu ya mlingoti. Hakusema "kuna mtu". Hakusema "inasemekana". Alitaja jina langu na la baba yangu, akanitoa kwenye mstari wa kidato cha nne, akaniamuru ninyooshe mikono juu ili kila mtu avione vidole vyangu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa na rangi ya kahawia, kama vya mzee aliyevuta sigara maisha yake yote.

"Chupa ya iodini ya maabara iko tupu," alisema. "Na rangi yake hii hapa. Au utatuambia ni hina?"

Watu walicheka. Sisi Wanubi tunajulikana kwa hina, na Idi ilikuwa imepita si zamani. Kama ningeitikia kwa kichwa tu, kwamba ndiyo, ni hina, labda mambo yangeishia pale. Uongo ule aliniwekea mdomoni yeye mwenyewe, umeshatafunwa, nibaki kumeza tu. Nilitikisa kichwa. Nilikataa uongo, na kukataa kule ndiko walikokuita kukiri kosa.

Naandika haya kwa sababu siku ile sikusema neno. Mimi ni mtu ambaye nikiulizwa jina langu na mgeni hulitaja mara mbili, maana mara ya kwanza hakuna anayesikia. Darasani hukaa nyuma, karibu na dirisha, na mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalijua, huangalia reli kule chini kwenye mtaa wa Namuwongo mpaka mtu mwingine ajibu. Silalamiki, ndivyo nilivyo. Ila nimejifunza kwamba mtu akinyamaza, watu hawamwachii ukimya wake. Wanaujaza maneno yao.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayokasirikia ndani yake. Nyumbani kwetu tunaongea Kinubi na Kiswahili. Baba ni polisi, babu alikuwa askari, na baba yake babu aliletwa nchi hii akiwa askari. Kampala watu wengi wanaamini kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Msichana ninayekaa naye dawati moja, Mganda mwenye mdomo mrefu na roho safi, alinikumbusha hilo tulipokuwa tunatoka kwenye gwaride.

"Baba askari, mtoto mwizi," alisema. "Sasa Kiswahili chenu kimekamilika."

Alikuwa anatania. Kisha akauona uso wangu, akanishika mkono. "Usirie, bwana. Usirie." Kwake l na r ni ndugu, hazigombani.

Sasa nieleze iodini ni nini, maana bila hivyo hakuna atakayeelewa kwa nini mpaka leo nina hasira.

Mwaka jana, tukiwa kidato cha tatu, mwalimu huyo huyo ndiye aliyetufundisha halojeni. Na alifundisha vizuri. Hilo siwezi kumnyima. Aliandika majina ubaoni kutoka juu kwenda chini: florini, klorini, bromini, iodini. Kisha akatufundisha kuziimba hali zake kama watoto wa chekechea. Akiinua mkono, sisi: "Gesi, gesi, kimiminika, kigumu!" Akiushusha, kimya. Florini, alisema, ni gesi ya njano hafifu inayoshambulia karibu kila kitu, na hakuna shule itakayothubutu kuwa nayo kabatini. Klorini ni gesi ya njano yenye ukijani. Harufu yake tunaijua wote kutoka kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na kwenye maji ya bomba siku yakitiwa dawa kupita kiasi. Bromini ni kimiminika kizito, chekundu cha kahawia, kinachofuka moshi hata kikiwa kimetulia. Hiyo tuliiona kwenye picha tu. Na iodini ni kigumu, vipande vyeusi vyenye kung'aa kama mkaa uliopakwa mafuta. Ukishuka kutoka juu kwenda chini, rangi inazidi kukolea, kuyeyuka na kuchemka kunataka moto zaidi, na ukali unapungua. Florini ndiye mkali wa familia. Iodini ndiye mpole.

Mpole. Nililipenda neno hilo, sitaficha.

Kisha akatuonyesha. Alichukua kipande kidogo cha iodini, kidogo kuliko punje ya mchele, akakitia kwenye bomba la kioo na kulishika juu ya taa ya spiriti. Sikuwahi kuona rangi ile. Zambarau ilijaa bomba zima, nzito, ikijikunja polepole, na kule chini hatukuona tone la majimaji. Juu, ambako kioo kilikuwa bado baridi, vikajitokeza visindano vyeusi vinavyometa. Ile iodini ilikuwa imeondoka chini na kurudi juu bila kupita njia ya kawaida. Darasa zima lilinyamaza, hata jirani yangu wa dawati.

"Inaruka ngazi," mwalimu alisema. "Kutoka kigumu mpaka mvuke." Halafu akaongeza sentensi moja, ambayo sidhani kama wengi waliisikia kwa sababu kengele ilikuwa inalia. Alisema hata bila moto, hata ikiwa imekaa tu kwenye rafu, iodini hutoa mvuke kidogo kidogo, ndiyo maana chupa yake hufungwa kwa kizibo cha kioo kinachobana.

Mimi niliisikia. Mtihani wa mwisho wa mwaka uliuliza kwa nini iodini huhifadhiwa kwenye chupa iliyofungwa vizuri, nikaiandika sentensi ile kama alivyoisema. Aliniwekea tiki nyekundu, na pembeni akaandika "Vizuri sana". Yeye, kwa mkono wake.

Na sasa kabati. Kabati la maabara yetu limepangwa kwa ule wimbo. Vimiminika na vile vinavyotoa gesi viko chini, kwenye ubaridi wa sakafu ya saruji, nyuma ya mlango wenye kufuli. Vigumu viko rafu ya juu kabisa, chini ya mabati, mahali ambapo mchana wa jua huwezi kuacha kiganja kwa muda. Ndio utaratibu wa mwalimu. Kila akimpa mtunza maabara kitu cha kupanga humwuliza, "Hiki ni nini?" Mzee akijibu kigumu, mwalimu husema, "Weka juu. Kigumu hakikimbii."

Mtunza maabara ni mzee wa kaskazini aliyekuwa jeshini zamani. Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina habari ya ngeli, lakini shule nzima ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kusubiri kuulizwa. Ananiita mtoto wa afande.

Jumapili, siku moja kabla ya gwaride lile, sisi wa kidato cha nne tulikuja shule kujisomea kama kawaida ya watahiniwa. Muhula ulikuwa ndio umeanza, likizo ndefu na ya jua kali imepita, na mwalimu alitaka rafu za maabara zifutwe vumbi. Alitazama darasa zima, macho yakatua kwangu. Kazi za namna hiyo hupewa watu wasiojua kusema hapana. Nilipanda kwenye stuli na kufuta rafu ya juu, nikishusha chupa moja moja na kuirudisha. Ile ya iodini ilikuwa ya kioo cha rangi ya chai. Huwezi kuona ndani. Haikuwa na kizibo. Mdomoni ilikuwa imefunikwa kwa kavera, mfuko wa plastiki, uliofungwa kwa mpira wa kubania noti. Mpira ulikuwa umekauka, ukakatikia mkononi mwangu, na ile kavera ilikuwa ya kahawia na ya kunatanata. Niliifunga tena kwa uzi, nikairudisha mahali pake. Sikuchungulia ndani. Haikuwa kazi yangu kuchungulia.

Jioni vidole vilikuwa vya njano. Asubuhi vikawa kahawia. Ndiyo hadithi nzima ya vidole vyangu, na hakuna mtu aliyeniuliza.

Adhabu yangu ilikuwa hivi: nisikanyage maabara mpaka mzazi aje na iodini irudi. Wiki ile tulikuwa na mazoezi ya vitendo, kupima wanga kwenye vyakula kwa iodini kidogo ya kuazima, na wenzangu walipokwenda maabara mimi niliachwa darasani peke yangu na mifuko yao. Hebu fikiria, mwizi ndiye waliyemwachia mifuko. Kufikia saa sita habari zilikuwa zimeota miguu. Mmoja alisema nimeiuza Wandegeya kwa watu wa maduka ya vifaa vya shule. Mwingine akasema mama yangu ndiye anayeitumia, si mnaona anawapaka watoto dawa ya kahawia kichwani? Ni kweli, mama huwapaka watoto wa jirani dawa ya mashilingi, yale madoa ya duara ya kichwani. Huinunua kwenye duka la dawa pale Kisugu, mchana kweupe, kama watu wote.

Hilo la mama liliniuma kuliko la gwaride. Mimi nilikuwa nimenyamaza, basi wanijaze. Mama alikuwa hata hajafika shuleni.

Wakati wa chakula jirani yangu aliketi mbele yangu na sahani yake ya posho, ugali wetu wa shule, na maharage.

"Wewe Mnubi, kama uliiuza niambie tu. Nataka soda yangu."

Nilimtazama.

"Natania. Najua hukuiuza, wewe hata penseli ukiokota unazunguka nayo darasa zima." Akamega posho. "Ila mimi najiuliza, kitu kikiisha si kimeisha? Labda imekauka."

"Kigumu hakikauki," nilimjibu.

Nililijibu hilo kama kasuku, kwa sauti ya mwalimu kabisa. Halafu nikaliweka tonge chini, kwa sababu niliisikia ile kengele ya mwaka jana ikilia na sentensi iliyosemwa chini yake. Niliona mabati. Niliona likizo nzima ya jua. Niliona kavera imekuwa kahawia, na hakuna aliyeipaka rangi.

"Imeondoka," nilisema.

"Nani?"

"Iodini. Imeondoka yenyewe."

Aliacha kutafuna. "Kamwambie mwarimu."

Nilikwenda. Kwa mtu kama mimi, kusimama kwenye mlango wa chumba cha walimu ni kama kusimama uchi, lakini nilikwenda. Walimu wawili walikuwa wanakunywa chai pembeni.

"Mwalimu, iodini haikuibwa."

"Ehe. Ilifanywaje?"

"Iliondoka."

"Iliondoka. Kwa miguu au kwa boda?"

Wale wa chai waliinua vichwa.

"Kwa mvuke," nilisema. Sauti ilikuwa inanikimbia, nikarudia. "Kwa mvuke, Mwalimu. Kidogo kidogo."

"Iodini kwenye joto la kawaida ni nini?"

"Kigumu."

"Sema kwa sauti, wenzangu wasikie."

"Kigumu."

"Na kigumu?"

Sikumalizia. Alimalizia yeye, na mmoja wa wale wa chai akacheka kwa adabu. "Ukiiba, angalau iba na akili," mwalimu alisema. "Nenda. Kesho mzazi."

Niliteremka njia ya Namuwongo siku ile nikiwa nimewaka hasira. Sentensi ile ile! Kwenye karatasi ya mtihani ilikuwa elimu, ikapewa tiki. Mlangoni kwake ikawa uongo wa mwizi. Basi tulikuwa tunajifunza nini? Kama maneno ya kemia ni ya kujibia mtihani tu, na kabatini mambo yanaendeshwa kwa wimbo wa chekechea, si wangetuambia mapema tuimbe tu na kwenda nyumbani? Na tena angekuwa amesahau, ningemsamehe, watu husahau. Yeye hakusahau. Alikataa kukumbuka kwa sababu anayemkumbusha ni mimi.

Mama alikuwa anakunja nguo. Nilimweleza yote. Alichukua mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akavitazama vidole.

"Uliiba?"

"Hapana, Mama."

"Basi."

Hakuniuliza tena, si siku ile wala baadaye. Alimpigia simu Baba, ambaye yuko kazini mbali, kaskazini, na huja nyumbani kwa nadra. Aliiweka simu kwenye spika ili nisikie. Baba alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akauliza kitu kimoja.

"Wameangalia mahali kilipoibwa?"

Mama alinitazama. Nilitikisa kichwa.

"Hawajaangalia," Mama alisema.

"Mtu hakamatwi kabla ya kuangalia mahali," Baba alisema. Alisema kwa uchovu, kama mtu anayerudia jambo analolijua hata kuruta wa wiki ya kwanza.

Asubuhi Mama alivaa gurbaba yake nzuri, ile kanga ya darizi ambayo kina mama wa Kinubi huivaa wanapokwenda mahali pa heshima, akaketi ofisini kwa naibu mkuu wa shule mgongo umenyooka. Naibu ni mama mwenye sauti ya upole ambaye sijawahi kumwona akigombana na mtu. Mwalimu wa kemia alisimama karibu na dirisha.

"Mama, tunasikitika kukuita kwa jambo kama hili," naibu alianza.

"Mimi sikuja kusikitika, Madamu. Nimekuja kuona mahali."

"Mahali gani?"

"Iliposimama hiyo chupa iliyoibwa."

Mwalimu alisema hakuna cha kuona, ni kabati tu. Mama akasema kabati ni vizuri, yeye nyumbani ana kabati, hataogopa. Naibu alitabasamu kidogo, akainuka. Tukaenda wote, mtunza maabara akatangulia na funguo zake.

Naibu mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa ya kupanda kwenye stuli. Nilipofika juu joto la mabati lilinipiga usoni, na ilikuwa bado asubuhi. Jumapili nilikuwa nimefuta vumbi bila kutazama, kama mtu anavyoosha vyombo huku akiwaza mengine. Sasa nilitazama. Ubao wa rafu pale chupa iliposimama ulikuwa na doa la duara, kahawia iliyokolea katikati na kufifia kuelekea nje. Mfuniko wa chuma wa kopo la jirani ulikuwa umeliwa na kutu upande mmoja, ule unaoelekea chupa. Na karibu yake kulikuwa na pakiti ya karatasi ya wanga, ule unga tunaopimia. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe kama ulivyotoka dukani. Upande wa mbele, ule unaotazamana na iodini, ulikuwa bluu ya kukaribia nyeusi.

Niliteremka nayo. Mtunza maabara aliipokea, akaiweka juu ya meza.

"Nani aliupaka huu wanga rangi?" niliuliza.

Sikumwuliza mtu. Niliuliza tu. Kila mtu aliyesoma kidato cha pili anajua kinachougeuza wanga kuwa bluu ya namna ile ni kitu kimoja, na ndicho kilichotakiwa kuwa kwenye chupa. Nilichana karatasi mahali penye rangi. Unga wa juu ulikuwa mweusi-bluu, na chini yake kidogo ulikuwa mweupe. Hakuna aliyeuchovya. Iodini iliufuata pale ulipo, kupitia hewani. Niliwaambia hivyo. Niliwaambia na ile sentensi ya kengele, na mtihani, na tiki. Nilisema chini chini, naibu akanisogelea ili asikie, na hilo sitalisahau: kwamba alisogea.

Mama alikuwa ameishika chupa. Aliigeuza ile kavera huku na huku.

"Hii ndiyo kufuli yenu?"

Mama akaigeuza upande wa ndani, vikaonekana vijipande vyembamba vinavyometa, vimenata kwenye plastiki kama magamba ya dagaa.

Mtunza maabara alikohoa. "Madamu, hii kavera mimi nafunga. Kizibo ya kioo ilikwama, mimi nagonga, inavunjika. Siku ile ile mimi naambia mwalimu. Yeye nasema haina neno, hii ni kigumu, haikimbii, funga tu na kavera."

Nilimtazama mwalimu. Sote tulimtazama. Alikuwa anaitazama ile pakiti ya wanga, na nina hakika aliona kila kitu, kwa sababu si mjinga. Ningependa angekuwa mjinga. Akasema, "Inawezekana."

Inawezekana. Jumatatu wizi wangu haukuwa wa kuwezekana. Ulikuwa umetokea, una jina, una vidole, una ukoo. Usafi wangu ndio ulikuwa wa kuwezekana, na tena baada ya ushahidi kuwekwa mkononi mwake.

"Basi, tumshukuru Mungu, jambo limekwisha," naibu alisema. "Rudi darasani, binti. Maabara utaingia kama wenzako."

"Na gwaride?"

Hawakusikia. Nikarudia. "Na gwaride, Madamu? Mwalimu alisema kwenye gwaride."

"Gwaride si mahali pa mambo haya."

"Jumatatu palikuwa mahali pake," Mama alisema.

Naibu alipumua. "Mama, mwalimu ana heshima yake mbele ya wanafunzi. Tumwachie."

"Na mtoto, heshima yake ni ipi?"

Naibu alisema atalifikiria. Mama alimshukuru, akamshukuru na mtunza maabara, akajifunga vizuri gurbaba yake na kwenda zake. Hakumuaga mwalimu.

Jumatatu iliyofuata nilisimama kwenye mstari nikiwa nimenyoosha hata soksi. Tulitangaziwa habari za viatu visivyo vyeusi. Tulitangaziwa habari za wanaochelewa, na za mfereji uliopasuka nyuma ya jiko. Bendera ilipanda, tukaimba, bendera ikafika juu. Mwalimu wa kemia alikuwa anasoma kitu kwenye simu yake. Tukaambiwa tuingie madarasani.

Siku chache baadaye iodini mpya ilifika, na zoezi la wanga lilirudiwa kwa ajili ya waliolikosa, yaani mimi. Darasa zima lilikuwa kwenye meza za maabara. Mwalimu aliingia akiwa mchangamfu, akapiga makofi.

"Nani ataniletea chupa ya iodini kutoka chumba cha nyuma?" Akanionyesha kwa chaki. "Wewe. Wewe sasa ndiye mtaalamu wetu."

Wenzangu walicheka, na yeye akacheka, na nikaelewa kwamba kwa upande wake hilo ndilo lilikuwa ombi la msamaha. Mzaha. Nilitakiwa nicheke, niinuke, nilete, tusahau. Mtu mpole angeinuka.

"Siendi," nilisema.

"Umesemaje?"

Nilirudia, kwa sababu mimi nimezoea kurudia. "Siendi, Mwalimu. Mwizi hatumwi kabatini."

Maabara ikawa kimya kama siku ya zambarau. Sikuangalia reli. Nilimwangalia yeye. Angeweza kunitoa nje. Niliona akilifikiria hilo. Kisha aligeuka akaanza kuandika tarehe, na huku ameupa ubao uso akasema, "Iodini haikuibwa."

"Mwarimu," jirani yangu alisema kwa heshima kubwa, "huku nyuma hatujasikia."

Chaki ilisimama. Alipogeuka hakuwa na kicheko tena, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu tu, aliyechoka, mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa shati.

"Iodini haikuibwa," alisema. "Ilitoka kwenye chupa kwa mvuke, kwa sababu haikufungwa inavyotakiwa, na iliwekwa mahali pa joto. Niliambiwa kizibo kimevunjika, nikasema haina neno. Huyu hakuiba kitu."

Niliinuka, nikaenda chumba cha nyuma. Mtunza maabara alikuwa ameshaishusha chupa kutoka rafu ya chini, ya ubaridi, ambako inakaa sasa, na kizibo chake cha kioo kimezungushiwa nta. "Shika na mikono mbili, mtoto ya afande," alisema. Niliibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye meza ya mwalimu, nikaiweka. Alisema asante. Nikarudi mahali pangu.

Wenzangu wa darasa letu wamesikia, basi. Lakini gwaride halikuwa la darasa letu. Kidato cha kwanza bado wananiita Ayodini nikienda bombani, na wanaficha kalamu zao huku wanacheka. Wiki hii niligeuka. Nilimwambia mmoja wao, kasichana kenye sweta kubwa kuliko kenyewe, "Iliondoka yenyewe. Unataka kuona?" Kaliacha kucheka. Wakati wa mapumziko kalikuja kweli, na mtunza maabara akatutolea ile pakiti ya wanga aliyoihifadhi. Kaliitazama upande mweupe, kakaitazama upande wa bluu, kakauliza kwa nini, nami nikakaeleza, na kakaenda kuwaambia wenzake.

Kesho watakuja wengine wawili. Shule ina watoto wengi, na nitawaonyesha mmoja mmoja kama itabidi. Lakini ieleweke kwamba kazi hii si yangu. Ni ya mtu aliyesema Jumatatu kwa sauti kubwa, na bendera inapanda kila Jumatatu, na sauti anayo.